Jogoo Abaki Nyumbani

Chanika, Handeni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepoa, au bado unakohoa ukungu ukishuka? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaodunda kila mlango wa ofisi unapofunguliwa.

Nimesikia unataka kumpelekea mkuu wangu wa kazi jogoo, umwombe anisamehe. Tafadhali usimpeleke. Nisikilize kwanza.

Unalikumbuka kundi letu la wasap la watu wa Kwashemshi. Tulipolianza tulikuwa wachache, ndugu na majirani. Kila asubuhi wifi yako, Shangazi Zaina, alituamkia kwa Kishambaa, "Onga makeo," nasi tukaitikia mmoja mmoja, "Ni wedi." Siku Mama Sefu aliyeolewa Hale alipokaa kimya, tulimpigia jirani yake, akamkuta amezidiwa na homa. Salamu ndiyo iliyomwokoa.

Kundi likakua. Wakaingia wauza viwanja, wagombea, watu nisiowajua hata kwa sura, na mkuu wangu wa kazi pia. Sikatai, michango ya wingi huo ndiyo iliyoezeka zahanati. Lakini mkuu wangu alipofanywa mwenyekiti wa kundi, akaandika: "Salamu marufuku. Zinajaza simu. Maendeleo tu."

Kesho yake Shangazi akaamkia kama kawaida. Wageni wakamcheka: "Bibi, hapa si kisimani!" Naye akajibu, "Kisimani ndiko mlikokunywa, wanangu. Hamjambo?"

Mkuu akaniita mezani kwake, maana nami ni mmoja wa wasimamizi wa kundi.

"Mtoe yule bibi."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi au hutaki?"

Mama, unajua nilivyo mwoga. "Sitaki, mzee."

Akatutoa kundini wote wawili, mimi na Shangazi, palepale, mbele ya macho yangu. Mkataba wangu wa kazi unakaribia kwisha, na wa kuusaini upya ni yeye. Naogopa, sikufichi. Ila nyumba ikiongezwa vyumba, mlango hauzibwi. Kila asubuhi namwamkia mbele ya wenzangu, "Shikamoo, mzee," kwa sauti. Haitikii. Kesho nitamwamkia tena.

Nisalimie Baba Mdogo na mbuzi wake. Dada Rehema mwambie asijitoe kwenye kundi kwa ajili yangu; abaki humo, aamkie.

Mkataba usiposainiwa, nitarudi nyumbani. Siku hiyo jogoo achinjwe, tumle wenyewe, na firigisi apewe Shangazi.

Mwanao mwoga yuleyule,
Ramadhani