Dirisha la Chumba cha Baba

Savannah, 9 Januari 2011

Mwanangu Tadi,

Mkono una baridi lakini moyo una joto, na ndivyo ninavyokusalimu. Mguu umetulia. Kikohozi kimehamia kwa Lula jirani, na sina haja ya kurudishiwa. Wewe je? Theluji ya Milwaukee inakuacha utoke? Unakula?

Ilani ya jiji nimeitia kwenye droo kama ulivyosema, ila maneno yake yananifuata hata jikoni: nyumba itengenezwe mwaka huu au ibomolewe. Nikiyakumbuka, naona kama wanamsema mtu wa mtaa mwingine. Jana nimeota ngazi zetu zinapanda mpaka kupita paa, na kule juu chumba cha baba yako kiko wazi, pazia linapumua.

Umesema jimbo litatupunguzia kodi tukiitengeneza nyumba kwa namna wanayotaka wao, na benki ikiona hivyo itakukopesha. Sijaelewa hata kidogo, lakini ukisema wewe mimi naamini. Huyo bibi wa ofisi ya nyumba za kale anakuja lini? Sitaki anikute na nyumba ya aibu.

Mama yako


Milwaukee, 16 Januari

Mama yangu mpenzi,

Afya ipo, chakula kipo, theluji imefika magotini. Usinicheke.

Bi. Hathcock atafika mwanzoni mwa Machi. Nakuomba jambo moja tu: usiguse kitu. Wanataka waione nyumba ilivyo, na rangi yake inayobambuka na madirisha yake yanayokwama. Hata ufagio ukiweza uuache.

Mwanao, Tadi


Savannah, 17 Januari

Tadi wangu,

Kabla sijakuuliza habari, acha nicheke kwanza. Mgeni aje, hakuna aibu ya kuona! Jumamosi Shemasi Purvis alikuja na wanaume wa kanisa. Wameng'oa yale madirisha mabovu yote ya mbele na kutia mapya ya plastiki, meupe kama meno ya bandia. Bure kabisa. Niliwapikia wali mwekundu na kamba, na Purvis alikula mpaka akaomba kiti kingine cha kuegemea.

Yale ya zamani hatukuyatupa. Lula aliyagawa mtaani, watu wameyalaza juu ya miche ya sukuma wiki isiungue na baridi. Asubuhi jua likitoka mtaa mzima unametameta chini, mwanangu, kama mbingu imeamua kukaa bustanini. Nimesimama barazani nikasahau chai.

Mama yako mwenye nyumba safi


Milwaukee, 24 Januari

Mama,

Salamu. Barua zetu zimepishana njiani, na mimi nimekaa chini.

Mama, umenimaliza. Yale madirisha ndiyo wanayoyataka! Kitu cha asili kinachoweza kutengenezwa hakiondolewi. Kikiondolewa, ombi linakataliwa. Ombi likikataliwa, benki inakataa, na tingatinga linakuja. Sikugombezi. Basi, nakugombeza kidogo.

Yakusanye, nakusihi. Yote.

Mwanao


Savannah, 13 Februari

Mwanangu,

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nabisha hodi kwa watu. Mguu umekasirika, mengine ni mazima. Wewe umepoa hasira?

Nimezunguka na toroli la Lula. "Ozella," wananiambia, "ulitupa kwa mkono huu, unadai kwa mkono huu?" Mzee Grovner alinikatalia katakata mpaka nilipomwahidi pai ya viazi vitamu, na hata hivyo alitaka kwanza aage miche yake. Purvis ameinamisha kichwa, masikini, kama mtoto aliyevunja bakuli. Nimemwambia alaumiwe mpishi aliyemshibisha nguvu.

Yamerudi. Limebaki moja, na hilo sikumpa Lula. Ni la chumba cha baba yako, lile alilokuwa akitazamia barabara alipokuwa hawezi kushuka ngazi. Nimempelekea. Liko juu ya kaburi lake, pamoja na kikombe chake na saa yake. Ndicho kitu alichokitumia mwisho, Tadi, ningempa nani mwingine? Na unajua mwenyewe kwamba kitu kikishawekwa pale hakiondolewi. Anayekiondoa hulala huku marehemu akimsimamia kitandani.

Mama yako


Milwaukee, 20 Februari

Mama yangu,

Nakusalimu taratibu leo. Barua yako nimeisoma kazini, nikatoka nje nikasimama kwenye theluji bila kofia.

Liache. Nitamwambia Bi. Hathcock ukweli. Huenda akakubali tuchonge lingine kwa mfano wa yaliyobaki, huenda akakataa. Naiogopea nyumba, Mama, siku zote naiogopea. Lakini siwezi kukwambia umnyang'anye Baba dirisha lake.

Mwanao


Savannah, 6 Machi

Tadi,

U mzima? Mimi mzima, na nina habari.

Nimemwota baba yako. Amelala chali chini ya kile kioo, anakigonga kwa ukucha. Tok, tok, kama alivyokuwa akiniita nimpandishie kahawa. "Ozella," ananiambia, "dirisha bila ukuta ni la nini? Unanionyesha mbingu, na mbingu ninayo huku bwelele. Mimi nataka kuona nani anapita barabarani!" Alikuwa na ubishi ule ule. Nimeamka nikilia na kucheka.

Nimekwenda na Purvis. Nimemwomba Ezra, baba yako, ruhusa kwa sauti, nikaliinua mwenyewe, na mahali pake nikamwachia miwani yangu ya kusomea. Ndiyo maana mwandiko umepanda mlima.

Bi. Hathcock amekuja. Nilimwambia kila kitu, hata kaburi. Hakuandika neno. Alikwenda kwenye lile dirisha lililoegemezwa ukutani, akainama, akaitazama barabara kupitia kioo cha kale, vile kinavyoipinda miti ionekane kama iko chini ya maji. Kisha akasema yale meno ya bandia ya plastiki yatoke. Zaidi ya hapo hakusema.

Kwa hiyo sijui. Lakini sijaota ngazi tena.

Mama yako


Milwaukee, 19 Juni

Mama, Mama, Mama,

Salamu zote uzipendazo, jichagulie mwenyewe. Wamekubali! Benki nayo imekubali. Nimeaga kazini. Nitakuja na zana zangu na nitakaa mpaka dari ya baraza irudie rangi yake ya zamani ya buluu, na baada ya hapo nitakaa tu, ukinitaka. Niandikie unataka nifike siku gani.

Mwanao


Savannah, 26 Juni

Mwanangu,

Sikuulizi hali, nitaiona.

Purvis amerudisha dirisha la juu mahali pake, kwa kulipima na kulibembeleza. Nimehamishia kitanda changu kule. Mchana nalala kidogo, naamka, naangalia nani anapita, namsimulia baba yako.

Siku yoyote. Barua hii usiijibu. Ukifika mlango usihangaike nao, umevimba kwa mvua. Panda kwa ngazi za nje mpaka dirisha la juu, ugonge kioo kwa ukucha.

Na nikikuita Ezra, itikia tu. Nipe dakika niamke.

Mama yako