Filamu Niliyoisikia Kupitia Mabati

Baba Akinyi,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Habari ya huko? Mwalimu wetu wa darasa la nane alitufundisha kwamba barua hubisha hodi kwanza kabla ya kuingia, na hodi yenyewe ni kuuliza afya. Basi nakuuliza, hata kama najua umelala. Natumai mgongo haukusumbui tena. Ukiuliza juu yangu, niko. Sisemi ni mgonjwa, sisemi ni mzima. Naamka, naomba, nawasha jiko, nakanda unga, jioni nazima. Juzi nilikaanga mandazi nikauza karibu yote, ndipo nikaonja moja nikagundua sikutia sukari. Wateja walikuwa wamekula wakanyamaza. Watu wananihurumia sana siku hizi.

Sijalia bado. Hata kule nyumbani kwenu karibu na Luanda Kotieno, siku tulipokulaza pale ziwa linapoonekana, dada zako walilia mpaka sauti zikakatika, na mimi nilikuwa naangalia kama viti vimetosha wageni. Nasikia kuna waliosema moyo wangu ni jiwe. Mama Mchungaji aliniambia, "Mama Akinyi, toa. Toa tu, hakuna anayekuangalia." Nikatafuta cha kutoa, sikupata.

Ndiyo sababu niliingia kwenye ukumbi wa video. Najua unacheka. Miaka yote uliyokuwa dijei wa video pale Nyalenda, umekaa na maikrofoni unawatafsiria watu filamu za Kiingereza, mimi sikukanyaga mle ndani. Kanisani kwetu mama wa maombi haketi gizani na watu wa bodaboda. Lakini jiko langu lilikuwa nje, nyuma ya kiti chako, na katikati yetu ni bati moja tu. Ukitaka chai unagonga mara mbili, mimi napitisha kikombe pale bati lilipokatika. Kwa hiyo filamu zako zote nilizisikia, na hata moja sikuiona.

Ile ya mtu anayeruka ndiyo niliyoijua kuliko zote, kwa sababu watu hawakuchoka kuiomba. Jina lake la Kiingereza limenishinda. Wewe ulimwita Opiyo, na adui yake ukamwita Mwenye Nyumba, na kila akitokea unasema, "Huyo amefika, na kufuli mkononi," basi wapangaji wote wa Nyalenda wanamzomea.

Na ndani yake kulikuwa na sehemu moja niliyoipenda. Sehemu ya paa. Mji umeanguka, mama yake Opiyo amekufa, wamemzika, na yeye amekaa juu ya paa mvua inamnyeshea, anazungumza na mama yake. Hapo ulikuwa unashusha sauti mpaka mimi natoa karai kwenye moto ili mafuta yasipige kelele. Nilijiambia, nikiyasikia maneno yale tena, hata kama ni kwa Kiingereza, labda kile kilichofungwa ndani yangu kitafunguka. Sikutaka kingine.

Owiti mwenye ukumbi alikuja kuniambia kwamba Jumamosi mchana wataionyesha kwa kukukumbuka. Itatoka na sauti yake yenyewe ya Kizungu, maana hakuna wa kukalia kiti chako. Kuna dijei alikuja kutoka Kondele kujaribu, watu wakamwambia ndugu, pumzika. Mama Mchungaji akasema haniachi niingie peke yangu. Alitia Biblia kwenye mkoba, akaufunga, akakaa nao magotini mpaka mwisho. Filamu ilipoanza akaninong'oneza, "Huyu ndiye Opiyo? Mbona mwembamba hivi?" Mimi pia nilimdhania ana mwili. Kumbe mabega yote yale ni sauti yako iliyompa.

Sasa nikuambie nilivyoiona, maana ulikuwa ukiniuliza kila mara, "Nyar Seme, utaingia lini uone?" Hakuna mwingine anayeniita binti wa kwetu Seme sasa.

Uzuri inao. Anaporuka mara ya kwanza, anaogopa. Hilo hukuwahi kulisema, au labda ulilisema nikawa nahesabu chenji. Macho yake ni ya mtu aliyepanda ngazi mbovu. Halafu anapita chini juu ya maji, karibu vidole viguse, kama ndege wa ziwani anavyopitia visamaki vya omena, nami nikajikuta nimeinua miguu kidogo kutoka sakafuni. Tena nilipenda kwamba nguo yake inachanika na anaishona mwenyewe kwa sindano, vibaya, kama mwanamume. Na Mwenye Nyumba si mbaya bure. Alidhulumiwa akiwa mdogo, anaeleza vizuri, na nilimsikiliza hadi nikaona aibu. Aliyeandika pale anajua watu.

Lakini udhaifu nao upo, Baba Akinyi, na wewe ulikuwa unaufunika. Wanapigana mno. Wanapigana, wanaanguka, wanainuka, gari linarushwa, jingine linarushwa, mpaka Mama Mchungaji akafungua mkoba akatoa njugu. Yule msichana anaokolewa, anatekwa, anaokolewa tena, na anaonekana ana akili kuliko wote, lakini hawamwachii hata jambo moja alitengeneze. Halafu Opiyo anatania wakati magorofa yanaanguka na watu ndani. Wewe ulijua mzaha unakaa wapi. Wao hawajui.

Na hawaziki. Hili ndilo lililonishangaza. Mji mzima umelala chini na hakuna matanga hata moja, hakuna turubai, hakuna mtu anayepika, hakuna anayeuliza mwili uko wapi. Mama yake Opiyo anaangukiwa na ukuta, halafu picha inakata, tunamwona mtoto wake anafukuza adui barabarani. Nikangoja mazishi. Wewe pale ulikuwa unasema, "Toeni kofia, jamani, tunamsindikiza mama," na nilikuwa nikisikia viti vikilia watu wakisimama. Hakuna. Wakati huo Opiyo alikuwa anakimbia tu. Wewe ndiye uliyemzika yule mama.

Mwisho Opiyo mwenyewe anakufa, na kabla hata nguo haijakauka amerudi. Mama Mchungaji alitikisa kichwa, "Huyo alizirai tu." Watu wakacheka. Mimi nilikasirika kidogo, na si kwa sababu ya dini peke yake. Niliona wanachezea jambo ambalo wengine tumeliomba kweli, tumepiga magoti kwenye sakafu ya hospitali.

Lakini nimeruka sehemu ya paa. Nilikuwa naiogopa hata kuiandika.

Ilipofika niliijua kwa mvua. Nikakaa sawa. Opiyo ameketi, maji yanamtiririka usoni, mdomo umefungwa. Nikangoja aufungue. Muziki unalia polepole, yeye anatazama mji. Nikamuuliza Mama Mchungaji, maana Kiingereza chake ni kizuri, "Anasema nini?" Akaniambia, "Hasemi kitu."

Hasemi kitu. Amekaa tu.

Nilihisi kama mtu aliyefika stendi akakuta gari limeondoka. Sikuhisi zaidi ya hapo. Nikaanza kutafuta mkoba wangu niende.

Ndipo Mzee Oloo, yule anayeuza maji kwa mkokoteni, akasema pale gizani, taratibu, kama ulivyokuwa ukisema wewe, "Mama, nimerudi nyumbani na jiko halina moto." Mwingine nyuma akadakia, "Daraja nimelibeba, na wewe siwezi kukuinua." Halafu wakaja wote, watu wa bodaboda, wabeba mizigo, Owiti mwenyewe pale mlangoni: "Basi sitalia leo. Machozi yana miguu yake, yatafika."

Kisha wakakwama. Owiti akasimamisha picha. Akasema, "Lilikuwa limebaki neno moja. Dijei alikuwa na moja la mwisho." Hakuna aliyelijua. Pale ndipo Mwenye Nyumba hutokea na radi zake, na siku zote walikuwa wanaanza kumzomea kabla hujamaliza. Mle ndani hakuna aliyewahi kulisikia. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti chako.

Nikasema, hata sikusimama, "Na ile chai yangu usiimwage. Nitainywa hata ikipoa."

Mama Mchungaji alinishika mkono akaendelea kuushika. Owiti akawasha tena, Mwenye Nyumba akaja, na siku hiyo hakuzomewa.

Filamu iliyobaki niliitazama nikitafuta kikombe. Nikakumbuka na sehemu ya mwanzo, jinsi nyumba yao ilivyokuwa. Ina meza, ina maua, ina picha ukutani. Sikuona birika. Mama yake anakunywa maji ya chupa. Miaka yote nilidhani ukifika sehemu ile filamu ndiyo inakukumbusha chai, ndiyo maana unamaliza kusema halafu unagonga. Nami napitisha kikombe, nasema moyoni, huyu mtu hata msibani anawaza chai.

Hakuna chai katika ile filamu, Baba Akinyi.

Sikulia hata hapo. Nilirudi nje nikawasha jiko. Nikapika chai, nikamimina kikombe chako, nikakiweka kwenye kigoda karibu na bati. Kikapoa. Akinyi alipokuja alitaka kukimwaga aoshe vyombo, nikamwambia, "Acha hicho." Akaniangalia, akaosha vingine. Anataka nihamie kwake Nyamasaria, anasema hapa kila kitu kinanikumbusha. Nimemwambia anipe muda. Ninachotaka ni hicho hicho, kinikumbushe.

Owiti ameniomba niwe nakuja Jumamosi, niseme sehemu ya paa kwa maikrofoni. Mapigano watawaachia Wazungu wenyewe. Nilimuuliza Mama Mchungaji kama ni dhambi. Akasema, "Hayo ni maneno ya matanga, si ya video. Nenda." Kwa hiyo nakuahidi mbele za Mungu: mama yake Opiyo atazikwa kila Jumamosi, watu watatoa kofia, na maneno yako sitayapunguza wala kuyaongeza. Na chai yako siimwagi.

Machozi bado yako njiani. Nimeyaachia mlango wazi.

Sasa lala, baba. Bwana akutunze mpaka siku ile ya kweli, ambayo si ya kuigiza. Jiko liko palepale, na bati ni lilelile. Nijibu mapema. Gonga mara mbili, nitasikia.

Ni mimi wako,
Nyar Seme