Mechi ya Mwisho ya Tijolo, Nami Ndani ya Jezi ya Wapinzani

Mtaa wa Stesheni, nyumba ya kona,
Pedra Lisa, Minas Gerais,
Jumatano, 14 Julai.

Mpendwa dada yangu Zuleica,

Pokea salamu nyingi za kaka yako, zikiwa bado za moto kama mikate ya jibini ya Ivone. Je, mgongo umepata nafuu? Shemeji Amadeu bado anakohoa, au ameacha sigara kama alivyoapa? Sisi huku Brazili ni wazima. Baridi imetuingia hadi kwenye mifupa na kuku wamegoma kutaga, lakini moyo wangu, dada, tangu Jumapili unarukaruka kama wa kijana aliyeposa akakubaliwa.

Najua Ivone amekwisha kukupigia simu. Najua pia amekupa habari nusu, na ile nusu yangu ameimeza. Mke wangu namjua. Kila nikiisogelea simu ananikatiza. Ndiyo maana nimeshika kalamu, maana kalamu haina mke. Chemsha kahawa, kaa, usome.

Unakumbuka nilivyopewa jina la mtu mwenye gundu. Lindomar wetu alipocheza mechi yake ya kwanza ya kulipwa, nilikwenda uwanjani nimevaa viatu vya harusi. Akajifunga goli. Nikamfuata hadi Uberaba kwenye mechi iliyofuata. Akala kadi nyekundu kabla sijamaliza kununua karanga. Mara ya tatu hata sikutoka nyumbani. Nilipita tu mbele ya televisheni na birika la kahawa, refa akapuliza penalti dhidi yake. Mama mkwe Custódia akainuka kitini, kidole hiki hapa puani kwangu: "Miro, una gundu wewe! Toka humu kabla hujamvunja mtoto mguu!" Tangu hapo, mtoto akicheza, mimi nafungiwa uani kwenye banda la kuku.

Usicheke, Zuleica. Nisikilize kwanza. Beki gani wa mji huu amezunguka dunia kama yeye? Ametoka kwenye kiwanja chetu cha vumbi, akaenda Recife, akaenda kukanyaga theluji huko Ulaya Mashariki, akaja kwenu Ureno ambako wewe ulimwona kwa macho yako ukanitumia picha. Wakambandika jina la Tijolo, yaani tofali, kwa sababu ukimgonga unaumia wewe. Na mimi niliyemzaa nimeijua kazi yake yote kwa fataki za majirani! Fataki zikilia kwa Genivaldo, ambaye hatupendi tangu enzi za babu yake, najua tumefungwa. Zikilia upande wa duka la mikate, tumefunga. Lakini beki akiokoa, nani anawasha fataki? Mtaa wote unakuwa kimya, nami nabaki na kuku nikijiuliza kama mwanangu ameokoa au watu wamekwenda chooni.

Gundu nililizoea. Kilichokuwa kikinichoma ni kingine, na nakwambia wewe peke yako. Miaka yote hiyo Lindomar mwenyewe hakuwahi kunialika, hata mara moja. Nikasema moyoni, kumbe naye anaamini.

Mwaka huu akarudi nyumbani na goti lililojaa maji. Akasema atachezea União, timu yetu ya hapa mjini, msimu mmoja, kisha atundike daluga. Jumapili ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho, sisi na Esportiva ya Barro Preto, hapa hapa kwetu. Tukipata sare tunapanda daraja. Tukifungwa tunabaki kule chini, na Tijolo anaondoka na aibu. Mji mzima ulikuwa na homa! Hata muuza mikate, mtu mpole ajabu, alinishika mkono akasema, "Mzee Miro, nakuheshimu sana, lakini Jumapili si uende hata ukamsalimie binamu yako kule Uberaba?"

Nikajua yameisha. Mwanangu anacheza kwa mara ya mwisho, na mimi nitaagana na mpira wake nikiwa na majogoo.

Jumamosi Lindomar akiwa kambini na timu, tulikuwa tunakula maharage na nyama ya nguruwe. Mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Nimefikiri," akasema. "Miro akiwa upande wetu, tunafungwa. Basi tumpeleke upande wao."

Ivone akaacha kutafuna. "Upande wao kivipi, Mama?"

"Akae jukwaa la Esportiva, avae na jezi yao. Gundu liwaangukie wao!"

Ivone alimkumbatia mama yake kana kwamba amegundua dawa ya kufukuza mbu wote wa Minas. Mimi nikakubali haraka mno mpaka wakanitazama kwa wasiwasi. Dada, siku ile ningevaa hata gauni la Mama mkwe ilimradi niingie uwanjani.

Jezi tuliazima kwa Genivaldo, nani mwingine? Alinipa huku anacheka hadi machozi. Nyekundu na nyeusi, imenibana tumboni, kitovu nje. Nikaketi kati ya maadui, pembeni yangu mama mmoja mnene wa Barro Preto mwenye mfuko wa karanga. Akanigawia kama ndugu yake. Halafu akaanza.

"Tijolo! Wewe mzee, nenda ukalee wajukuu! Mwambie mama yako akuletee mkongojo!" Akanisukuma kwa bega. "Na wewe tukana basi, baba. Mbona umekaa kama uko msibani?"

Nikajikaza. "Tijolo!" nikapaza sauti. "We... we mrefu!"

Akanitazama kwa huruma, akaniongezea karanga.

Lakini Zuleica, nilikuwa namwona! Kumbe beki anaongea! Muda wote anawapanga wenzake, sogea, rudi, mshike yule, kama Ivone siku ya sikukuu jikoni. Mshambuliaji wao alikuwa kijana mwenye nywele za njano za kupaka, mbio zake si za kawaida. Mwanangu hakumkimbiza hata kidogo. Alikuwa anatangulia pale mpira utakapofika, anausubiri kama mtu anayempokea mgeni wake stendi. Kijana anafika, mpira umekwisha kuondoka. Jamani! Kitu hicho hakionekani kwenye picha, wala hakisikiki bandani. Nilitaka kumshika kila mtu nimwambie umeona, umeona, nikabaki natafuna karanga na maganda yake.

Zikaingia dakika za nyongeza, bado suluhu. Esportiva wakapata kona. Kipa wetu akatoka, akapiga ngumi hewani, mpira ukamwangukia yule wa nywele za njano, na goli liko wazi. Akaachia shuti. Sijui Lindomar alitokea wapi na lile goti lake. Alijitupa juu ya mstari, mpira ukamgonga usoni, pwaa! Ukaruka juu ya mwamba na kutoka nje.

Mimi nikajikuta nimesimama juu ya benchi, jezi ya Genivaldo imepasuka kwapani, nalia kwa sauti yangu yote: "Mwanangu! Huyo ni mwanangu!"

Jukwaa zima likageuka. Vijana watatu wakaanza kunisogelea na sura zao hazikuwa za salamu. Yule mama akanishika mkono.

"Unasema nani?"

"Tijolo. Nimemzaa mimi."

Akajishika kichwa. "Mungu wangu! Na mimi nimemsema mama yake tangu filimbi ya kwanza!"

"Mseme tu, mama. Ndiye aliyenivalisha hii jezi."

Alicheka hadi karanga zikamwagika. Kisha akawageukia wale vijana: "Nyie, kaeni chini! Mwacheni mzee wa watu amtazame mwanawe!" Wakakaa, nakwambia, wote.

Filimbi ikalia. Suluhu! Tumepanda daraja, dada! Fataki zikalia mji mzima, na kwa mara ya kwanza maishani sikuhitaji kuuliza za nani. Wenzake wakabebana wakiimba, lakini Lindomar, pua inavuja damu, akachechemea moja kwa moja kuja jukwaa la Esportiva. Watu wakamzomea wakidhani amekuja kuwakejeli. Akafika kwenye uzio, akaingiza vidole kwenye waya.

"Baba, umeniona?"

"Nimekuona, mwanangu. Mshukuru bibi yako, wazo lilikuwa lake."

Akacheka, akapangusa pua. "Bibi? Mimi ndiye niliyempigia simu kutoka kambini nikamtia hilo wazo. Nikamwambia aseme ni lake, maana likitoka kwangu Mama asingekubali."

Nikashindwa kujizuia. "Sasa miaka yote hiyo mbona hukunialika?"

"Niliogopa, Baba. Siyo gundu. Nilijua siku nikikosea ukiwepo, watakulaumu wewe na siyo mimi. Leo nikasema liwalo na liwe."

"Na kama tungefungwa?"

"Basi tungefungwa. Lakini ungekuwa umeniona."

Nimelia, Zuleica, mbele ya watu wa Barro Preto, na sioni haya.

Mpe Shemeji Amadeu mkono wangu, wabusu binti yako Jacira na mumewe, na mwambie jirani yako yule aliyekuwa akimzomea Tijolo huko kwenu kwamba nimemsamehe. Ivone na Mama mkwe wanakusalimu sana. Mama Mtakatifu wa Aparecida akufunike kwa vazi lake, wewe na nyumba yako yote.

Ndimi kaka yako akupendaye siku zote, baba yake Tijolo,

Waldemiro