Nyasi juu ya mabati

Mama mpendwa,

Leo asubuhi mkunga wa hapa Kasongo, Mama Furaha, ametuambia kwamba mjukuu wako anapumua mwenyewe, bila mashine. Mke wangu Zaina alilia, kisha akaomba sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Ulihofia umeme wa jua, na ulikuwa na haki. Chini ya mabati wodi ilikuwa tanuri. Feni zilizunguka mchana kutwa zikamaliza betri, na jioni mashine ya oksijeni ikazimika. Kwa hiyo Mama Furaha humwomba kila baba alete nyasi aezeke juu ya mabati.

Baba mmoja, mchimbaji dhahabu wa Salamabila, alinung'unika: "Mama, nilikimbia nyumba ya nyasi, sasa unanirudisha?"

"Panda, baba. Wewe iko na mikono ya kujipepea. Mutoto iko na mashine tu."

Akapanda, mimi nikimrushia mafungu. Sasa wodi imepoa, feni zimezimwa, na umeme unabaki kwa watoto.

Mwenye pikipiki anayekuletea kadi hii atarudi Ijumaa. Mshukuru kwa niaba yetu, umpe jina ulilomchagulia mtoto atuletee. Jumapili tutamwita mtoto kwa jina hilo.

Mwanao,
Amisi