Kitanda cha Mama Sebuleni

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Sisi hapa Nguvumali tu wazima, na mke wa mjomba wako kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza sebule yako uipake rangi gani na makochi uyaweke wapi. Nilipoolewa, madukani hakukuwa na rangi. Babu yako alipata chokaa, akaichanganya na buluu ya kufulia, akapaka sebule kwa ajili ya wageni. Mama yake tulikuwa tumemleta kutoka Maramba baada ya miguu kumkatalia. Alilala chumba cha nyuma, kageukia ukuta, chakula hataki.

Nikamwambia babu yako, "Tumhamishie mama sebuleni."

"Na wageni wakae wapi?"

"Kitandani kwake."

Viti tukavipeleka barazani, kitanda tukakiweka kwenye dirisha linalotazama njiani. Asubuhi nikasikia sauti yake: "Wewe mwenye mihogo! Ya leo ya wapi hiyo? Hebu njoo niione!" Nilisimama jikoni nikicheka huku nalia. Siku hiyo alikula, na miaka yote aliyoishi nasi sebule ile haikukosa watu.

Rangi chagua uipendayo, mwanangu. Makochi yasizibe dirisha tu.

Bibi yako akupendaye