Mbuzi ya Masika

Butembo, siku ya tano, mwaka wa tatu wa vita

Katika kitabu changu, Masika anabaki mujane mpaka mwisho. Padri alitaka nimuoleshe kwa bwana mupya ndipo anichapie kitabu ku mashini ya parokia. Nilikatala, nikauzisha kuku zangu, nikachapa mwenyewe ku ronéo, mashini ya kuzungusha na mukono, ya masomo. Donc kurasa zingine hazisomeke muzuri.

Leo muuzishaji wa viazi, mama mwenye anatoka kijiji ya Masereka, alinisimamisha ku soko.

"Masika alifanya muzuri kukatala bwana. Mais mbuzi yake, kwa nini uliacha basoda ba jeshi bamukule?"

Hapo niliogopa. Kama basoda nabo banasoma kitabu na banajiona mule...

Ku njia nilitafuta mutu wa kutupia kosa. Hapana mutu. Ile mbuzi nilimuuwa miye mwenyewe na kalamu yangu, na nilifika nyumba nikicheka.