Namba ya Chiriku

Jumanne, 4 Juni

Nimefika. Nyumba ya wageni ileile ya safari iliyopita, chumba kingine. Kitanda, meza, ndoo, kioo kilichopigiliwa juu mno — najiona paji la uso tu. Mwenye nyumba kanipokea vizuri, kaniandikia paswedi ya waifai kiganjani kwa sababu karatasi zimemwishia. Nikajaribu. Nikarudi mapokezi, dada, mbona haishiki? Akasema waifai ipo, mtandao ndio haupo. Wala hakucheka.

Kesho tunaanza kutengeneza friji za chanjo, zahanati ya kwanza. Dereva — tunamwita Redio, maana redio ya gari ilikufa na yeye akachukua nafasi yake — yuko nje anamsimulia mlinzi habari za barabara. Mimi nimekaa na chai. Nikasema ngoja nisikilize kitu kabla giza halijaingia. Nikafungua simu. Albamu zote kijivu! Zote! "Muda wa kusikiliza bila mtandao umekwisha. Ingia upya."

Niingie upya wapi? Sijawahi kuingia. Bosi — mke wangu, ndivyo nilivyomwita — ndiye aliyefungua hiyo akaunti, akazipanga albamu, akazipa na majina yake mwenyewe: Za Kufulia. Za Kununiana. Za Safari Zake — hizo za kwangu, nikiondoka. Mimi nilikuwa wa kusikiliza na kusifia. Tangu tumzike sijaongeza hata moja, wala sijafuta.

Chai imepoa.

Jumatano, 5 Juni

Friji ya kwanza: mpira wa mlango umekauka, baridi inavuja. Nesi alikuwa ameuegemeza mlango kwa kiti, na juu ya kiti kapanga matofali mawili. Nikamwambia umeokoa dozi nyingi sana. Akasema asante, sasa nirudishie kiti changu.

Jioni Redio kanionyesha mahali mtandao unaposhika: pembeni ya tangi la maji, usimame kwa ukuta wa magharibi, usigeuke. Watu wanne wamesimama pale kama wanapigwa picha. Nami nikajipanga.

Nikabonyeza "nimesahau nenosiri". Ikajibu: tumetuma tarakimu sita kwenye simu inayoishia na 46.

46 ni ya Bosi. Laini yake ilikaa bila kutumika mpaka ikafungwa, nilijua. Tarakimu zimekwenda hewani. Basi tu, sijui niliwaza nini, nikaipiga. Nilitaka yule mwanamke wa kampuni aniambie namba haipatikani, yaishe.

Ikaita.

Jamani — ikaita! Ikaita tena. Halafu sauti ya mwanamke: halo? Halo, nani mwenzangu?

Si yeye. Bila shaka si yeye. Nikakata.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua kutwa. Tangini hakuna mtu, mtandao hakuna. Friji mbili, moja nzima kabisa — walichomoa waya ili wachaji simu, wakasahau kuurudisha. Nimewapa maneno, wamenipa soda.

Nikiwa garini nilijaribu kuicheza kichwani ile albamu ya jalada la kijani, mpiga gitaa amekaa juu ya kreti. Wimbo wa tano mpiga tarumbeta anachelewa, na kabla hajaingia unasikia mtu anakohoa. Hawakukifuta kile kikohozi. Bosi alikipenda kuliko tarumbeta yenyewe. Kila kikifika, hata kama ana sabuni mpaka viwikoni, anasema: pole, baba. Kila mara. Miaka yote ile.

Kikohozi nakikumbuka. Gitaa linalotangulia limenipotea. Nimelitafuta njia nzima.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimejikaza. Nimempigia huyo mwenye 46.

Ni fundi cherehani. Mashine yake naisikia inakimbia anapoongea. Nikamsalimu, nikaeleza: dada yangu, namba unayotumia ilikuwa ya mke wangu, kuna ujumbe utaingia, una tarakimu sita, naomba unisomee.

Cherehani ikasimama tuli.

"Kaka," akasema, "umekosa wa kumtapeli leo? Mimi si mtoto wa jana."

Nikasema si tapeli, ni nyimbo tu. Akasema ndiyo, juzi ilikuwa zawadi, jana mjomba kalazwa, leo nyimbo. Matapeli mmeanza kuwa na starehe. Nikasema mwenye namba alifariki. Nikadhani kakata. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: pole. Pole sana. Lakini matapeli nao hufiwa.

Akakata.

Nimecheka peke yangu kwa ukuta wa magharibi, mpaka jirani akanitazama. Bosi angempenda huyu mama.

Jumamosi, 8 Juni

Hakuna kazi. Nimefua shati, nimelitazama likikauka. Mwenye nyumba kaniuliza kwa nini nina huzuni, nikasema mtandao. Akasema ah, hiyo inapona.

Redio kajitolea kuniimbia. Nimekataa kwa heshima zote. Kaimba.

Jumatatu, 10 Juni

Nianze mwanzo.

Mchana tuko zahanati iliyo juu kilimani, simu ikawika mfukoni. Nilikuwa na kichwa ndani ya friji. Nikatazama: namba ya Bosi. Namba ya Bosi inanipigia! Bado imeandikwa jina lake na picha yake akiwa ametoa ulimi. Nesi akaniuliza kama nimepigwa shoti.

Fundi cherehani. Hakusalimu. Akasema, nina swali moja, ukilijibu tuongee, ukilikosa nakufungia. Marehemu kwao walikuwa wanamwitaje? Si jina la kwenye vyeti. La nyumbani.

Nilishangaa, lakini nikajibu. Chiriku. Alivyokuwa mdogo alikuwa akiamka anaongea, analala anaongea, mama yake akamwita Chiriku, na kwao hadi leo hakuna anayemwita vingine. Mimi tu ndiye niliyemwita Bosi.

Nikasikia anavuta pumzi.

"Haya, tuma hiyo tarakimu yako," akasema. "Na uandike, mimi sirudii."

Akarudia mara tatu. Nikaingia. Kijivu kikaondoka, majalada yakarudi na rangi zake moja baada ya jingine. Nikataka kumshukuru, kilima kikanyang'anya mtandao.

Nimezisikiliza tangu tuliporudi, mlango umefungwa. Ya kijani kwanza. Gitaa liko hivi: linapanda, linajuta, linashuka. Nitalisahauje! Kikohozi kikafika. Nikasema pole, baba. Sauti yangu ilikuwa kubwa mno kwa chumba kile. Nikazima.

Nilidhani zikirudi nitakuwa na mtu. Nimekuwa na nyimbo.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda tangini kumshukuru na kumuuliza: ulijuaje kama kwao ana jina lingine?

Cherehani ikaenda kidogo, ikasimama. Akasema, kaka, usinichukie.

Kuna mama, akasema, anapiga namba hii kila Jumapili, watu wakishakula mchana. Mara ya kwanza alisema, Chiriku, umekula? Nikamwambia mama umekosea namba. Akaomba radhi. Jumapili ya pili, Chiriku, umekula? Nikamwambia tena, nikamweleza laini nimeinunua. Akasema sawa mwanangu, wala hakukata. Nilimsikia anapumua. Ya tatu, kaka, nilikuwa na nguo za watu shingoni, nimechoka, sikuweza. Nikasema nimekula, mama.

Tangu hapo ndivyo hivyo. Ananieleza habari za kwao, namwitikia. Dakika chache. Hajaniuliza neno la kunitega. Nilidhani Chiriku ni binti aliyetoroka kwao, siku moja atarudi nimkabidhi mama yake. Uliposema amefariki, sikulala.

Huyo ni mama mkwe wangu! Mama mkwe alikuwepo mazishini. Alisimama karibu nami, ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

Fundi akaniuliza, sasa nifanyeje? Jumapili hiyo inakuja. Mwenye mtu ni wewe.

Nimesema nitafikiri. Nafikiri.

Alhamisi, 13 Juni

Nimempigia shemeji, mdogo wake Bosi anayekaa na mama. Nikazunguka zunguka: mama hajambo? Kichwa chake je, hasahau sahau? Akacheka. Mama? Jana kamkamata mwenye duka amemzidishia bei ya sukari ya mwezi uliopita. Mama ana akili kuliko sisi sote tukijumlishwa.

Kwa hiyo anajua. Kila Jumapili anajua kabisa anampigia nani.

Sijawahi kuongea na mama mkwe kwa simu. Kamwe. Salamu zetu zote zilipita kwa Bosi: mwambie mumeo namsalimu, mwambie mama asante kwa kuku. Yeye ananionea haya mimi mkwewe, mimi namwonea haya zaidi. Bosi alipoondoka njia ikafungwa, wala hakuna aliyekasirika.

Hedifoni ziko mezani. Sijazigusa tangu Jumatatu.

Jumapili, 16 Juni

Naandika nimesimama, kitabu nimekiegemeza kwenye tangi. Mwandiko huu Mungu anisamehe.

Tulipatana na fundi: akipigiwa, ataniunganisha tuwe watatu hewani, niseme mwenyewe nitakalojaliwa kusema. Mimi nimefika mapema. Mtandao mzuri, jua kali, watu wote wako kwenye chakula.

Simu ikaita. Nikapokea, nikaziba mdomo kwa mkono kama mwizi. Ile sauti!

"Chiriku, umekula?"

"Nimekula, mama," fundi akasema. Kwa upole! Sikujua kama ana upole ule.

Mama akaanza. Bati la jikoni limeng'oka na upepo, kalirudisha mdogo wako, kalipigilia upande. Binti wa jirani kaposwa. Goti la kushoto limetulia, la kulia limepokea zamu. Fundi anaitikia: eeh, mama. Hata mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa. Nilitaka aendelee tu. Nilisahau nimekuja kusema nini. Ilikuwa kama nimekaa jikoni kwetu, Bosi kaweka simu kwenye spika, anamenya viazi.

Halafu mama akasema, "Na mumeo? Huko anakohangaika na mafriji, ana wa kumwuliza kama amekula?"

Fundi hakujibu. Alikuwa ananipisha, nilijua ananipisha. Nikatoa mkono mdomoni. Nikasema, "Mama —"

Ikakatika.

Sijui kama ilitoka. Sijui kama alinisikia! Mtandao umekufa wote, msalaba juu ya simu. Nimegeuka magharibi, nimegeuka mashariki, nimepanda kwenye jiwe. Redio kaniita kwa mbali, tunachelewa, mizigo iko garini. Nimempungia asubiri.

Nitampigia fundi kwanza, nimuulize mama kasema nini baada ya hapo. Au nimwache. Pengine mama ndo basi, kashtuka, Jumapili ijayo hatapiga tena, na mimi ndiye nitakuwa nimemnyima hata hicho kidogo —

Mstari mmoja wa mtandao umerudi. Miwili.

Inaita. Si ya fundi. Ni mama mkwe, kwa namba yake, anapiga kwangu. Redio anapiga honi. Inaita bado, nimeishika, na sijui hata nianze kwa kumwamkia au —